Malta mwezi wa Julai na Agosti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wasafiri wanaozungumza Kiswahili ambao likizo yao inaangukia katikati ya kiangazi cha Ulaya, na wameshaamua au wanakaribia kuamua kwenda Malta. Saa zote zimeandikwa kwa Kiswahili: saa mbili usiku ndiyo ile ambayo ratiba za huko huandika 20:00. Wakati wa kiangazi Malta iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Kwa nini kwenda wakati uleule ambao kila mtu anakwenda?

Kwa sababu wengi hawana wakati mwingine. Mzazi anayeishi Uingereza, Ujerumani au Uswidi hawezi kumtoa mtoto shuleni mwezi wa Mei. Shule za Kenya hufungwa Agosti. Aliyeko Muscat au Dubai anataka kuondoka Julai, joto la huko linapokuwa halivumiliki.

Ila ujue unakokwenda. Visiwa vyote vya Malta kwa pamoja vina kilomita za mraba 316. Kisiwa kikuu kina urefu wa kilomita 27 hivi, na wakazi wa nchi nzima wamepita nusu milioni. Mwaka 2024 walipokea wageni zaidi ya milioni 3.5, na miezi ya kiangazi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo msongamano si bahati mbaya utakayoikwepa kwa ujanja fulani. Ndiyo hali yenyewe. Anayefurahia Malta mwezi wa Agosti ni yule anayepanga mambo machache, anayeamka mapema na anayekubali kulala mchana. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye hayo matatu.

Nimekulia pwani. Joto la Malta litanifanya nini?

Litakushangaza. Mchana joto hufika nyuzi 31 hadi 33, na likija wimbi la joto hupita 40. Namba hizo peke yake hazimtishi mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Tofauti iko kwenye mambo mengine. Mvua Julai karibu hakuna kabisa, hata ile ya kupita. Miti ya kivuli ni michache mno; usitegemee mwembe wala mkungu wa kukaa chini yake. Nyumba, kuta na barabara nyingi ni za jiwe la chokaa lenye rangi ya asali, ambalo mchana linakurudishia mwanga machoni na usiku linatoa joto lililonyonya tangu asubuhi. Na siku ni ndefu: mwanzoni mwa Julai jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na linazama saa mbili na dakika ishirini usiku. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, mwili unadhani jioni imefika kumbe bado saa mbili nzima za jua kali.

Wenyeji wanatoka alfajiri na jioni. Kati ya saa sita na saa kumi mchana, vijiji vinakuwa kimya na maduka madogo mengi yanafunga. Fuata mwendo wao. Saa moja asubuhi uwe umeshafika unakokwenda, saa sita urudi, ule, ulale, na saa kumi na moja utoke tena. Aliyebanwa na ratiba akajilazimisha kutembea Mdina, mji wa kale wenye kuta, saa nane mchana atakumbuka kiu na kichwa kinachouma, si mji.

Na sisi weusi tupake krimu ya kuzuia jua?

Ndiyo. Paka, tena rudia kila unapotoka majini. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini inaungua, na mabegani na puani ndiko huanza. Kofia pana ni muhimu kuliko krimu.

Viza inahusu nini?

Malta iko Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2004 na Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2007. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa Agosti ningekushauri usisubiri hata mwezi wa tano uanze, kwa sababu nafasi za miadi huisha kabla ya nafasi za ndege.

Mambo mawili yanawakwamisha watu wetu wengi. La kwanza, kibali cha kuishi Uingereza au Omani hakikupi ruhusa ya kuingia Schengen. Bado unahitaji viza. Kibali cha kuishi Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na nchi nyingine za Schengen kinatosha. La pili, kama unabadilisha ndege Frankfurt au Amsterdam, ukaguzi wa uhamiaji unafanyika hapo, si Malta. Acha muda wa kutosha kati ya ndege na ndege, hasa sasa ambapo tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni, na foleni za kiangazi si za mchezo.

Nifikeje?

Uwanja wa ndege ni mmoja, uko Luqa, katikati ya kisiwa. Kutoka Afrika Mashariki njia nyepesi ni kupitia Istanbul, Dubai au mji wowote mkubwa wa Ulaya. Kutoka uwanjani hadi Valletta, mji mkuu, haifiki nusu saa kwa gari kama barabara hazijajaa.

Tulale wapi?

Hili ndilo swali linaloamua safari yako itakuwaje, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Matangazo mengi yatakupeleka St Julian's na Sliema. Sliema si mbaya: ina feri ya kuvuka hadi Valletta, ina njia ndefu ya kutembea kando ya bahari, na watu hukaa hapo hadi usiku wa manane wakipunga upepo. Lakini Paceville, mtaa wa klabu ulioko St Julian's, haulali kiangazi chote. Ukikodi chumba hapo kwa sababu ni rahisi, umenunua muziki hadi saa kumi alfajiri. Familia nyingi huenda Buġibba na Mellieħa upande wa kaskazini; Mellieħa iko karibu na ufukwe mkubwa wa mchanga na kivuko cha kwenda Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa, ila mji umejengwa mlimani na kupanda kutoka ufukweni ukiwa na mtoto mgongoni ni kazi.

Chaguo langu kwa msimu huu ni ile miji mitatu inayotazamana na Valletta ng'ambo ya bandari: Birgu, Isla na Bormla. Vichochoro vyake ni vyembamba, kivuli kipo karibu kila saa, wenyeji wanaishi hapo kweli, na feri ndogo inakuvusha hadi Valletta kwa dakika chache. Wasiotaka kelele kabisa walale Gozo, siku zote, na waje Malta kwa siku moja badala ya kufanya kinyume.

Popote utakapochagua, uliza swali hili kabla ya kulipa: kiyoyozi kipo, na gharama yake imo kwenye bei? Baadhi ya fleti hutoza umeme wa kiyoyozi kando. Na mwezi wa Julai 2023, katika wimbi la joto, nyaya za umeme chini ya ardhi ziliharibika na maeneo mengi yakakaa gizani, mengine kwa siku kadhaa. Feni ya betri haina uzito mkubwa kwenye begi.

Plagi za umeme?

Ni zilezile za pini tatu za mraba kama za Kenya, Tanzania na Uganda, kwa sababu Malta ilikuwa chini ya Waingereza hadi 1964. Anayetoka Ulaya bara ndiye anayehitaji adapta. Magari nayo yanapita kushoto.

Mabasi yanaaminika?

Yanafika karibu kila mahali, na nauli ya mchana kiangazi ni euro 2.50 kwa safari ya saa mbili, hata ukibadilisha basi. Tatizo ni kujaa. Basi likijaa, dereva hasimami. Utaona kituoni watu wamenyoosha mikono kulisimamisha, basi linapita taratibu, na wa ndani wamebanana hadi kioo cha mbele. Kwenye vituo vya kati, hasa njia ya kwenda ufukwe wa Golden Bay asubuhi au ya kurudi saa kumi na mbili jioni, unaweza kupitwa na mabasi mawili au matatu. Dawa yake ni kupandia mwanzo wa njia: Valletta, pale nje ya lango la mji, ndipo njia nyingi zinapoanzia. Kama mko watu wanne, taksi ya kuita kwa simu, Bolt, Uber au eCabs, mara nyingi haizidi sana nauli zenu.

Gari la kukodi silipendekezi kwa Agosti. Si kwa sababu ya kuendesha, bali kwa sababu ya maegesho: ufukweni saa tatu asubuhi hakuna nafasi tena. Gozo ni tofauti. Huko gari linasaidia kweli.

Tofauti kati ya fukwe ni ipi, na nitajuaje pa kwenda leo?

Utajua kwa upepo. Mtu wa pwani anayefahamu kusi na kaskazi ataelewa haraka kuliko Mzungu wa bara. Upepo wa mara kwa mara Malta ni majjistral, unaotoka kaskazini-magharibi. Unapoza mwili, lakini unachafua bahari upande huo: Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ramla ya Gozo zinapata mawimbi, na bendera nyekundu hupandishwa. Siku hiyo nenda kusini-mashariki, Birżebbuġa au St Peter's Pool karibu na Marsaxlokk, ukute maji yametulia. Upepo wa pili ni xlokk, unaotoka Sahara kupitia Libya. Huo unakuja na unyevu mzito na vumbi, na jasho halikauki. Ukivuma, geuza mpango: nenda zile fukwe za magharibi. Angalia utabiri wa upepo kila usiku kabla ya kulala. Nimeona familia zikisafiri zaidi ya saa moja kwenda kukaa mbele ya bendera nyekundu, wakati upande wa pili wa kisiwa bahari imetulia kabisa.

Jambo jingine la kuzoea: Mediterania karibu haina kujaa na kupwa. Huko hakuna bamvua wala maji mafu ya kuhesabu. Bahari ya asubuhi na ya jioni ni ileile, na hakuna kusubiri maji yarudi ndipo uogelee. Lakini hilo lina upande wake. Sehemu kubwa ya ufuo wa Malta ni mwamba, si mchanga, na kutoka ukingoni unaingia moja kwa moja kwenye kina. Asiyejua kuogelea asidanganywe na uangavu wa maji. Chini unaonekana karibu, nawe huwezi kuufikia.

Kwa watoto wadogo, ufukwe ni Għadira, Mellieħa. Mchanga ni mrefu na unaweza kutembea mbali majini maji yakiwa kiunoni. Ufukwe ni wa umma, kwa hiyo hulazimiki kukodi kitanda wala mwavuli ili ukae. Njoo na taulo lako. St Peter's Pool ni pa vijana wanaoogelea vizuri: ni bwawa lililochongwa na bahari kwenye mwamba wa chokaa, watu wanaruka kutoka juu, na hakuna duka wala kivuli cha kutegemea.

Kuna hatari gani baharini?

Yavuyavu. Yule mdogo wa zambarau anayewasha hufika kwa makundi pale mkondo unapomleta, siku moja wapo tele na kesho hawapo. Ukiona wenyeji wamekaa ukingoni na hakuna aliyeingia, uliza kwanza. Akikugusa, osha kwa maji ya bahari, usitumie maji yasiyo na chumvi kama ya chupa, na usisugue na mchanga.

Kwenye miamba kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi, kama wa kwetu. Vaa viatu vya kuogelea. Fukwe kubwa zina waokoaji msimu wa kiangazi. Bendera nyekundu maana yake usiingie. Nyekundu mbili maana yake maji yamefungwa kwa waogeleaji wote. Namba ya dharura kwa kila kitu ni 112, na hospitali kuu inaitwa Mater Dei.

Blue Lagoon ya Comino inafaa kweli?

Maji yake ni mazuri, hilo halina ubishi. Comino ni kisiwa cha kilomita za mraba tatu na nusu hivi, kati ya Malta na Gozo, na hakina mji. Kwa miaka mingi maboti yalimwaga watu hapo bila kikomo, maelfu kwa maelfu kwenye kipande cha mwamba ambacho unaweza kukizunguka kwa macho, wakakanyaga mimea, wakaacha takataka, na wenyeji wakachoka. Mwaka 2025 serikali ilianzisha utaratibu wa kujiandikisha: unachagua kipindi cha asubuhi, mchana au jioni, bila malipo, unapata msimbo kwenye simu, na ukifika unafungwa utepe mkononi. Lengo ni watu wasizidi 4,000 kwa wakati mmoja.

Wengi wanalalamika kwamba ni usumbufu. Mimi naunga mkono kabisa, na natamani kikomo kingekuwa chini zaidi. Jiandikishe siku kadhaa kabla, chagua kipindi cha kwanza cha asubuhi au cha jioni, beba maji na chakula chako, na takataka zako rudi nazo. Kama hukupata nafasi, usihuzunike. Hondoq upande wa Gozo inatazamana na Comino, na maji ni yaleyale.

Gozo kwa siku moja inatosha?

Inatosha kuiona, haitoshi kuipenda. Feri ya magari kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr inachukua dakika 25 hivi na inafanya kazi usiku na mchana. Hulipi unapokwenda, nauli ya abiria, euro 4.65, hulipwa unaporudi. Kuna pia boti ya kasi kutoka Valletta moja kwa moja, dakika 45. Ukiwa huko nenda Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyojengwa karibu miaka 3600 kabla ya Kristo, mapema kabla ya mabasi ya watalii. Kisha ngome ya Victoria, mji mkuu wa Gozo, jioni.

Epuka feri ya kwenda Gozo kuanzia tarehe 13 hadi 15 Agosti kama unaweza. Ni sikukuu ya Santa Marija, na Wamalta wenyewe huhamia Gozo na familia zao. Foleni ya magari Ċirkewwa inaweza kula nusu ya siku yako.

Lile dirisha kubwa la mwamba baharini bado lipo?

Hapana. Dirisha hilo la Gozo, Azure Window, lilianguka katika dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Picha zake bado zinatumika kwenye matangazo. Dwejra, mahali lilipokuwa, bado panastahili kutembelewa wakati wa machweo.

Kitu gani lazima nikate tiketi mapema?

Hypogeum ya Ħal Saflieni, mjini Paola. Ni makaburi na kumbi zilizochimbwa ndani ya mwamba, ngazi baada ya ngazi kwenda chini, na watu wa kale wasiokuwa na chuma. Za mwanzo zilianza karibu miaka 4000 kabla ya Kristo. Pumzi za wageni zinaharibu kuta, ndiyo maana wanaingia watu kumi tu kila saa. Kwa Agosti, tiketi huisha wiki nyingi kabla. Mimi ningeikata siku ileile niliyokata ndege. Zipo chache za dakika za mwisho zinazouzwa siku moja kabla, kwa bei ya juu, na watu hujipanga mapema.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, Valletta, halina shida ya nafasi kiasi hicho, lakini usilikose. Sakafu yake yote ni makaburi ya mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, wapiganaji Wakatoliki waliotawala Malta zamani, marumaru ya rangi, kila kaburi na picha yake, na kwa sababu hiyo viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi. Ndani kuna mchoro wa Caravaggio, mchoraji Mwitaliano, wa mwaka 1608, kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Simama kwa utulivu uangalie damu inayotoka shingoni: ndani ya damu hiyo mchoraji ameandika jina lake, na hakuna mchoro mwingine alioutia saini. Jumapili halipokei watalii.

Wakristo wengi wetu huuliza pia kuhusu Paulo. Ndiyo, hii ndiyo Melita ya Matendo ya Mitume, alipovunjikiwa merikebu. Kuna pango la kumkumbuka mjini Rabat, na ni mahali pa baridi kuingia saa za jua kali.

Nasikia milipuko asubuhi. Kuna nini?

Ni festa. Kila kijiji kina mtakatifu wake, na kiangazi chote, wiki baada ya wiki, kuna kijiji kinachosherehekea. Ninaomba hili lisomwe kwa makini na wenzetu waliopitia vita, Kongo, Burundi au kwingineko: fataki za mchana za Malta hazina rangi, ni mshindo mtupu, mzito, na huanza saa mbili asubuhi. Mwambie mama, waambie watoto kabla hamjafika. Kama una mtu ambaye mshindo unamrudisha mbali, angalia kalenda ya festa kabla ya kuchagua mtaa wa kulala.

Kwa wengine wote, nendeni. Utafika kijijini saa mbili usiku, mitaa imepambwa bendera za damaski, kanisa limewashwa taa kuanzia chini hadi kubani. Bendi ya kijiji inapita ikipuliza tarumbeta, vijana wameshikana mabega wanaimba, na kutoka vibarazani juu watu wanamwaga karatasi zilizokatwakatwa hadi barabara inakuwa nyeupe na unazikuta ndani ya shati lako kesho yake. Kisha sanamu inatoka kanisani mabegani mwa wanaume, taratibu, kwa hatua fupi. Bibi mmoja karibu nami aliniuliza ninatoka wapi, akanisogezea kiti chake cha plastiki nikae, akabaki amesimama kwa sababu hakutaka kukosa sanamu ikipita. Hakuna tiketi, hakuna kiingilio. Tarehe 15 Agosti parokia saba husherehekea kwa pamoja, zikiwemo Mosta, Mqabba na Qrendi, na Mqabba wanasifika kwa fataki.

Chakula, na chakula halali?

Anza na pastizzi, sambusa za huko: unga wa tabaka nyembamba, ndani jibini laini au njegere, chini ya euro moja kwenye vibanda vya kawaida. Mwislamu aulize kwanza mafuta yaliyotumika, maana baadhi ya waokaji hutumia ya nguruwe. Mkate wa Malta wenye nyanya, mafuta ya zeituni na jodari ndio chakula bora cha kubeba ufukweni. Kuanzia katikati ya Agosti unaanza msimu wa lampuki, samaki yuleyule tunayemwita fulusi. Wavuvi huweka matawi ya mitende yaelee baharini, samaki wakija kupumzika kivulini wanazungushiwa nyavu. Ukimkuta Marsaxlokk Jumapili asubuhi, sokoni kando ya boti za rangi zilizochorwa macho, kula hapo hapo.

Nyama halali utaipata kwenye migahawa ya Waarabu, Waturuki na Waasia wa Kusini huko Msida, Gżira, Ħamrun na Buġibba. Msikiti uko Paola, mji uleule wa Hypogeum, kwa hiyo Ijumaa unaweza kupanga vyote viwili. Magharibi ya Julai ni baada ya saa mbili usiku, na isha inachelewa sana. Pangeni usingizi wa watoto mkijua hilo.

Maji ya bomba yananyweka?

Ni salama. Mengi yametokana na maji ya bahari yaliyochujwa chumvi, kwa hiyo ladha si nzuri, na watu wengi hununua ya chupa. Kila chupa ina dhamana ya senti 10 unayorudishiwa kwenye mashine.

Mavazi?

Ufukweni kila mtu na lake. Buibui na vazi la kuogelea la kufunika mwili vyote utaviona. Mjini usitembee na chupi ya kuogelea. Makanisani funika mabega na magoti. Mabibi wanaosali humo wanastahili heshima hiyo.

Kama Mwafrika, nitapokelewaje?

Sitaficha. Wafanyakazi wa hoteli, migahawa na mabasi wanatoka dunia nzima, na mgeni mweusi kwenye maeneo ya watalii hashangazi mtu. Wenyeji wengi ni wakarimu, na Kiingereza ni lugha rasmi, kwa hiyo utaelewana nao. Lakini Malta pia imepokea Waafrika wengi waliovuka bahari kutoka Libya, na kuna watu wanaomwangalia kila mweusi kwa jicho hilo. Unaweza kukataliwa mlangoni mwa klabu au kuombwa kitambulisho pasipo sababu. Tembea na nakala ya pasipoti na viza, jibu kwa utulivu. Na ukimkuta kijana wa Kiafrika anajenga ghorofa juani saa saba mchana, msalimie.

Nikibahatika kuhamisha likizo, niende lini?

Wiki mbili za mwisho za Septemba, bila kusita. Bahari bado ina joto lote iliyokusanya kiangazi, fulusi yuko sokoni, watoto wa Ulaya wamerudi shule na bei za vyumba zinaanza kushuka. Nusu ya kwanza ya Juni ni ya pili kwa ubora, ingawa maji bado yana ubaridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Kama ni Agosti tu, basi wiki ya mwisho, baada ya Santa Marija, kisha ukate tiketi ya Hypogeum leo.